Mapazia ya Ikulu

Kochi lilikuwa limehama tena. Jana lilikaa chini ya dirisha likitazama ngazi. Asubuhi hii limegeuziwa ukutani kama mtoto aliyekosa adabu. Meza imepanda ghorofani. Kitanda nacho kimeshuka mpaka sebuleni, jambo ambalo hata kwenye nyumba ya mwanasesere linahitaji maelezo.

"Mama," binti akaita bila kunyanyua kichwa kwenye mto, "nani huyo analala sebuleni?"

"Mgeni."

"Mgeni gani anakuja na kitanda chake?"

"Mgeni mwenye akili," akajibu Mama Mapazia kutoka kwenye cherehani, na mguu wake haukuacha kukanyaga.

Jina hilo alipewa na mtaa, kwa kuwa hakukuwa na dirisha la heshima pale jirani ambalo pazia lake halikupitia mkononi mwake. Alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye mdomo, asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Lakini tangu binti yake arudi nyumbani na tumbo lake, na daktari aamuru kwamba alale tu, asinyanyue hata birika, mpaka siku zake zitimie, Mama Mapazia amekuwa kiguu na njia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anapanguza kilichokwisha kupanguzwa. Chai anakunywa amesimama. Anafungua mlango wa mbele, anatazama barabara, anaufunga, kisha anarudi kuhakikisha ameufunga. Aliyeamriwa kulala alikuwa mmoja, na asiyepata usingizi alikuwa mwingine.

Sababu ilijulikana. Binti alikuwa amebeba mimba mara mbili kabla ya hii, na mara zote mbili alirudi kutoka hospitali mikono mitupu. Sasa ilikuwa mara ya tatu, na Mama Mapazia alimpenda huyo mjukuu asiyemjua kwa pendo lililojaa hofu, pendo la kutembea kwa ncha za vidole. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Wahenga walisema usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Watu wengine huutumia msemo huo kumcheka anayepangia matumizi mshahara usioingia. Mama Mapazia aliushika kama sheria ya barabarani. Katika nyumba ile hapakuwa na soksi ya mtoto, wala nepi, wala kibeseni. Jirani yake mmoja, mama anayeendesha teksi, ambaye wote walimwita Dereva, alikuja siku moja na kofia ndogo ya sufu aliyoifuma mwenyewe kwenye foleni za kungojea abiria. Alirudishiwa kofia yake mlangoni, pamoja na kikombe cha chai cha kumpoza.

"Ningejua ningefuma ya kwangu," Dereva alisema, akaijaribu kichwani, ikakaa juu ya utosi.

Basi, mikono ya fundi iliyokatazwa kumshonea mtoto itashona nini? Ilimwasha. Ndipo binti, aliyekwisha kuchoka kuhesabu mabati ya dari, alipoomba ateremshiwe Ikulu kutoka juu ya kabati.

Ikulu ilitengenezwa na babu yake, seremala, wakati Mama Mapazia bado anang'oka meno ya utoto. Aliijenga jioni baada ya kazi, kwa mbao za masanduku ya mizigo, na kwa muda mrefu mkewe alipoulizwa mume yuko wapi alijibu, "Yuko kwa nyumba ndogo yake," watu wakamwonea huruma bure. Ilikuwa na vyumba viwili chini na viwili juu, ngazi ya vijiti vya aiskrimu, na upande mmoja wazi ili mtoto aweze kuingiza mkono. Ilipata jina lake kwa sababu siku hizo ndiyo ilikuwa nyumba pekee ya ghorofa katika mtaa mzima. Kwa mbele ilikuwa na mlango wa kweli, mpana kiasi cha vidole vitatu, wenye bawaba za ngozi ya kiatu.

Mlango huo ulikuwa na amri. Kila kitu kinachoingia Ikulu lazima kipite mlangoni, hata kama upande wa pili uko wazi kama uwanja wa mpira. Seremala alikuwa na kidonda chake: aliwahi kutengeneza kabati la bwana harusi ndani ya chumba chake cha kazi, likawa kubwa kuliko mlango, na majirani walikuja kumpa ushauri mwingi kuliko msaada, mpaka akalazimika kuvunja fremu. "Apitishaye vitu ukutani ni mwizi," aliwaambia watoto wake, "na atengenezaye kisichopita mlangoni ni baba yenu."

Mama Mapazia na binti yake waliifuata amri hiyo kama ilivyo. Meza ikawa kigurudumu kitupu cha uzi, kikaingia kwa ubavu. Sahani zikawa vifungo vya shati. Kioo kilikuwa kipande cha kioo cha poda, kilichotiwa fremu ya waya. Redio ilitoka kwenye kifutio cha penseli, na vitufe vyake vilikuwa vichwa vya pini. Zulia lilikatwa kwenye mkono wa sweta iliyoliwa na nondo, na juu yake kochi la sifongo lililovishwa kitambaa cha maua, kitambaa kilekile kilichokuwa kwenye makochi ya mwenye duka la dawa, maana masalio hayana ubaguzi. Binti alikata na kugundisha akiwa amelala kwa ubavu. Mama alipanga. Kisha akapangua. Kisha akapanga tena, akienda jikoni na kurudi, kila akipita mkono ukaingia Ikulu kusogeza kitu.

"Mama, wakazi wa humo watakuja kukushtaki."

"Hawajahamia bado. Wakihamia nitaacha."

Siku moja binti alitoa kitu kutoka chini ya mto. Kilikuwa kisanduku cha kiberiti kisicho na kifuniko, na kuzunguka kingo zake alikuwa amesimamisha njiti zilizokatwa vichwa, zimepangwa kwa nafasi sawasawa. Ndani kulikuwa na pamba.

Haikuhitaji kuambiwa. Kilikuwa kitanda cha mtoto.

"Kiweke juu," binti akasema. "Chumba cha dirishani."

Mama Mapazia alikitazama bila kukigusa. "Hakitapita mlangoni," akasema.

"Kipime."

"Nina macho. Hakipiti."

"Mama, kiberiti kimoja?"

"Naona maziwa yanachemka," akasema Mama Mapazia, ingawa siku hiyo hakukuwa na maziwa, akaenda jikoni akasimama katikati ya sakafu mikono kiunoni. Aliporudi, kitanda kile kilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha. Alikifunika kwa gazeti, kama mtu anayefunika chakula. Binti alilifunua gazeti. Mama akapita tena, akalifunika. Waliendelea hivyo siku nzima.

Kilichobaki ni mapazia, na hapo ndipo fundi wa mapazia alipokwama. Nguo zake zote zilikuwa nzito. Kwenye dirisha la mtu zilianguka vizuri hadi sakafuni, lakini alipokata kipande cha kuenea dirisha la Ikulu kilisimama kikavu kama ubao wa matangazo. Alijaribu kukilowesha. Alijaribu kukipiga pasi. Alikichana akakirusha.

"Weka karatasi," binti akamshauri.

"Karatasi! Mimi? Watu watasema nini?"

"Watu gani, Mama?"

Alasiri moja binti alipitiwa na usingizi. Mama Mapazia, asiyeweza kukaa kitako hata kwa dawa, alichukua begi la kijani la binti ili afue nguo zitakazohitaji kufuliwa. Zilikuwa safi zote. Akaendelea kutoa, maana kazi akishaianza haiachi, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, akakuta kitambaa cha pamba, chepesi, laini, rangi ya samawati yenye vitone vyeupe vidogo mno. Alikisugua kwa kidole gumba na cha shahada. Aliinua ncha moja, akaiachia, ikaanguka kwa utulivu. Roho yake ya ufundi ikaruka.

Halafu akafanya kile ambacho kila fundi hufanya: akatazama kingo. Hazikupindwa. Ncha hii mbichi, na ile mbichi, nyuzi zinachungulia. Katika kazi yake kitambaa kilichopindwa kina mwenyewe. Ni shuka la fulani, ni pazia la fulani, na hukigusi. Kisichopindwa ni masalio. Miaka yote ameishi kwa kanuni hiyo na haikuwahi kumwangusha.

Akachukua mkasi na kukata pembe moja.

Alishona kwa mkono, sindano nyembamba kuliko zote, pindo la upana wa unyasi. Akayapitisha mapazia mlangoni, akayavisha kwenye waya mwembamba, dirisha la juu na dirisha la chini. Upepo mdogo wa feni uliyagusa na yakatikisika kabisa, kama mapazia ya watu. Mama Mapazia alirudi nyuma kuyaangalia. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi hakuona cha kusogeza.

Binti aliamka. Alinyoosha shingo, akaangalia Ikulu, akatabasamu, halafu tabasamu likakwama njiani.

"Umetoa wapi hicho kitambaa?"

"Si masalio yako ya kwenye begi? Tazama kinavyoanguka! Nilijua tu kwamba..."

Hakumaliza. Aliona mkono wa binti umekwenda tumboni.

"Yale si masalio, Mama."

"Hakikupindwa."

"Najua hakikupindwa." Binti alizungumza polepole. "Nilikinunua wakati ule wa kwanza. Nikaogopa. Nikajiambia, nisipokikata, nisipokipinda, kitakuwa kitambaa tu. Hakitakuwa mbeleko. Nikakificha usije ukakiona ukasema."

Mama Mapazia aliutazama mkasi wake. Yeye, aliyerudisha kofia ya sufu mlangoni. Yeye, aliyeziba midomo ya wageni wasilitaje jina la mtoto. Yeye ndiye aliyechukua mkasi wake, kwa mkono wake, mchana kweupe, akakata mbeleko na mwana hajazaliwa. Na angalia ujinga wa hofu: mmoja aliogopa kupinda, mwingine hagusi kilichopindwa, na hofu zao zikakutana kwenye ncha ya mkasi mmoja.

Alianza kuzunguka. Alikwenda dirishani, akarudi, akashika kiti, akakiacha. Kisha akaiendea Ikulu na kuingiza mikono yote miwili ayanyofoe mapazia.

"Usiyaguse!"

Mikono ikasimama.

"Nitayashonea pale yalipotoka, mwanangu. Nitaunga, hakuna atakayeona. Mimi najua kuunga."

"Yaache."

"Nimekuharibia. Mungu wangu, nimekuharibia."

"Mama, sikiliza. Kaa."

"Siwezi kukaa!" Alisema kwa sauti iliyowashtua wote wawili. "Nikikaa nasikia. Nikikaa nakuona ukirudi kwenye gari la Dereva na ule mkoba wako magotini, umeukumbatia. Unataka nikae nione hilo mara ya tatu?"

Binti alimwacha apumue. Feni ilizunguka, mapazia yakacheza.

"Mtoto wa kwanza tulimkatia nini?" akauliza.

Mama Mapazia alishika ncha ya pazia.

"Wa pili je? Hatukushona hata soksi. Hatukutaja jina. Ulimfukuza mjomba kwa sababu alileta sabuni ya mtoto. Tulitii kila kitu, Mama. Walikuja?"

Mama Mapazia alilitafuta jibu kwenye dari, akalitafuta kwenye viatu vyake. Walikuwa wameishi miaka yote hiyo kama watu wanaozuia mlango kwa kiti, na mwizi alikwisha kupita dirishani mara mbili. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado ndani ya Ikulu.

"Mimi sikujipa nafasi hata ya kuwangojea," binti akasema. "Huyu nataka kumngoja."

Baadaye Mama Mapazia alijipenga kamasi kwa kipande cha kitambaa cha maua cha mwenye duka la dawa, akachukua kile kitambaa cha samawati, akakipeleka kwenye cherehani. Pembe iliyokatwa ilikuwa imeacha pengo. Hakuiunga. Alikunja ukingo, akaufuata pale ulipoenda, ukiingia ndani kwenye pengo na kutoka tena, akapinda pande zote nne. Cherehani ililia, na binti alilala akisikiliza mpaka mwisho wa upindo.

Kisha mama akaenda dirishani, akaondoa gazeti, akachukua kitanda cha njiti. Alikilaza kwa ubavu mbele ya mlango wa Ikulu. Kikakwaruza kidogo kwenye bawaba ya ngozi, kikapita.

"Hee," akasema, "kumbe."

"Nilikuambia upime."

Alikipandisha ngazi kwa vidole viwili mpaka chumba cha dirishani, chini ya mapazia. Siku hiyo alipita pale mara nyingi, na kila alipopita mkono ulinyanyuka. Kochi lilihama, na redio pia. Kitanda cha njiti alikiacha.

Msidhani alitulia. Mtu habadiliki kama shati. Uchungu ulipomshika binti asubuhi ya jua kali, mapema kuliko daktari alivyosema, kitu cha kwanza kilichompitia Mama Mapazia kichwani ni mkasi. Alikimbilia nje bila viatu, akarudi kuvaa, akavaa visivyofanana. Dereva tayari alikuwa amewasha teksi.

"Polepole, dada, utanivunjia kioo!"

"Wewe endesha!"

"Naendesha. Ila mlango wa kwako ndio bado uko wazi."

Hospitali walimchukua binti kwa kitanda cha magurudumu na milango miwili ikajifunga nyuma yake. Mama Mapazia akabaki kwenye ukumbi mrefu wenye harufu ya dawa ya sakafu. Benchi zilikuwa zimefungwa kwa skrubu. Hakukuwa na cha kusogeza. Alitembea mpaka mwisho wa ukumbi, akasoma tangazo la kunawa mikono, akarudi, akalisoma tena, huku akilikumbatia kapu lake la kazini ambalo amelibeba bila kujua kwa nini.

"Kaa," Dereva akamwambia. "Hata benchi limechoka kukutazama."

"Nikikatwa miguu nitakaa."

Alifika mwisho wa ukumbi tena. Alifikiria ule mkoba magotini. Alifikiria wauguzi wa mara zile mbili: walikuwa wema, walimshika bega, walimwita mama, walitafuta maneno. Sasa kila mlango uliposukumwa alitazama kwanza mikono ya anayetoka, aone kama inajiandaa kushika bega la mtu.

Mlango ukasukumwa. Muuguzi alitoka kwa haraka, glavu mkononi, akaangaza macho huku na huku. Hakuonekana kutafuta maneno. Alionekana mtu mwenye kazi nyingi.

"Ndugu wa yule aliyeletwa na teksi?"

"Mimi. Mama yake."

"Mmekuja na nguo ya kumfunga mtoto?"

Mama Mapazia alisimama. Mara mbili zile, katika maneno yote waliyomwambia, hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo.

"Mama? Nguo ya mtoto. Mmeleta, au hamkuleta?"

Mkono ukaingia ndani ya kapu, ukapita sindano, ukapita futi ya kupimia, ukatoka na kitambaa cha samawati chenye vitone vyeupe. Muuguzi alikipokea, akakikung'uta kikafunguka, akaona lile pengo.

"Mbona kitambaa chenyewe kimekatwa hapa?"

"Ni mbeleko," akasema Mama Mapazia, kwa sauti ambayo Dereva aliisikia kutoka mwisho wa ukumbi. "Nimeikata mwenyewe. Mpelekee upesi, asipigwe na baridi."